Makofi Si Kura

Hortense alishuka kwenye treni kituo cha Alby, Sweden, magoti yakimuuma. Tangu alfajiri alikuwa akisafisha ofisi za mjini. Alitaka kulala tu. Lakini kwanza alipaswa kupita kwa Papa Zénon, mwenyekiti wa chama chao cha Wakongomani, kuomba ufunguo wa ukumbi.

Mama yake alikuwa amefariki huko kwao Uvira, na Hortense hakuweza kwenda kumzika. Alitaka angalau kufanya matanga, watu wakae pamoja, waimbe, wamkumbuke marehemu. Nyumba yake ilikuwa ndogo. Ukumbi ulikuwa mkubwa, tena wa wanachama wote, ila ufunguo ulikaa mfukoni mwa mtu mmoja.

"Jumamosi kuko mukutano wa wazee," Papa Zénon alisema bila kumkaribisha ndani.

"Na Jumamosi ingine, Papa?"

"Tutaona. Si uliuliza mbele ya watu kwa nini mimi tu njo niko na ufunguo? Basi, ngoja."

Mlango ukafungwa. Hortense aliumia moyoni, maana zamani Zénon hakuwa hivyo. Yeye ndiye aliyempokea alipofika Sweden, mgeni asiyejua hata kununua tiketi. Alimtafsiria kwa daktari. Alimbebea godoro hadi ghorofa ya tatu. Kwa wema huo watu walimpa uenyekiti, na kila mwaka wakamrudishia. Sasa akiingia ukumbini wote husimama, na akiudhika hakuna wa kumwambia. Cheo kilimlevya polepole, na waliommiminia ni wao wenyewe.

Adelina, jirani wa Hortense, Mtanzania anayefundisha watu wazima, alimkuta ameketi kwenye ngazi za jengo lao.

"Hortense, pole. Mbona umekaa hapa?"

Hortense akamweleza yote. "Yule mutu atakufa na kile kiti," alimalizia.

"Kwani nani humchagua?"

"Sisi. Kila mwezi wa tatu mutu anasema, 'Papa Président aendelee!' Tunapiga makofi. Imeisha."

"Na wewe unapiga?"

Hortense alicheka kwa uchovu. "Mimi njo napigaka kwa nguvu."

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," Adelina alisema. "Makofi ni shukrani, dada yangu. Si kura."

"Sasa nani atainua mukono mbele yake? Kesho atakukatalia hata salamu."

"Ndiyo maana kuna kura ya siri. Katiba ya chama chenu inasemaje?"

Hortense alifikiri. "Iko ndani. Siku tuliisoma, tulicheka. Tulisema, sisi ni ndugu, siri ya nini? Ilisema mwanachama mumoja akiomba, inatosha."

"Basi omba. Huhitaji hotuba wala matusi. Na anayegombea asiongoze uchaguzi wake mwenyewe. Mchague mtu mwingine aongoze mkutano siku hiyo."

"Nimechoka, Adelina. Kugombana siwezi."

"Kuomba kura ya siri si kugombana."

Mwezi wa tatu ukafika, theluji ikiwa matope barabarani, na Hortense bado hajapewa ufunguo. Kwa ombi la Hortense, wanachama walimchagua mama mmoja mtaratibu, Adrienne, aongoze mkutano. Papa Zénon hakupenda, ila alikaa. Uchaguzi ulipofika, Fidèle, rafiki wa Zénon, akapaza sauti, "Papa Président aendelee!"

Watu wakaanza kupiga makofi. Hortense akasimama.

"Naomba kura ya siri."

Zénon akamgeukia. "Hortense, unanichukia?"

"Hapana, Papa. Ulinibebea godoro, sisahau. Tukupigie makofi kwa ile yote ulifanya. Kisha tuandike."

Wakampigia makofi marefu, ya kweli. Kisha Adrienne akauliza nani mwingine anagombea. Josiane, muuguzi, akainua mkono. Vipande vya karatasi vikagawiwa, kila mtu akaandika jina na kukunja.

Josiane alishinda kwa mbali. Fidèle alitazama chini.

"Lakini wote walinipigia makofi," Papa Zénon alisema, kama anayejisemea mwenyewe. Kwa miaka mingi hakuna aliyethubutu kumwambia ukweli, naye alidhani kimya kile ni mapenzi.

Siku hiyohiyo wakakubaliana kura iwe ya siri kila mwaka, na mwanachama yeyote apewe ukumbi kwa zamu.

Jumamosi iliyofuata Hortense alifanya matanga. Watu walijaa. Papa Zénon alikuja amechelewa, akasimama mlangoni, hajui akae wapi. Hortense akasogea kwenye benchi.

"Kuja, Papa. Ikala hapa."

Akaketi katikati ya watu. Baada ya kitambo akaanzisha wimbo wa msiba wa kwao Uvira, kwa sauti nzito ambayo Hortense hakuwa ameisikia kwa miaka. Wengine wakaitikia. Hapo Hortense akamlilia mama yake, hata akatosheka.