Kunguru Niliyechorwa na Mume Wangu

Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, mama wa binti mmoja. Mkono wangu wa kushoto siufunui mbele za watu... Leo nawaeleza kwa nini.

Gesi ilipogunduliwa, mji wetu wa Palma ulifurika wageni. Nilikuwa mjane kijana, nikiuza wali na samaki karibu na kambi ya vibarua. Hapo ndipo nilipomjua Amade, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Pemba, hii ya kwetu Msumbiji. Mpole, anaswali, anamdekeza binti yangu kama wa kumzaa! Mgongoni mwa kiganja alikuwa na tatuu ya kunguru aliyetanua mabawa. Alisema ni upuuzi wa ujana. Nani angeshuku?

Tukaoana. Haikupita muda akataka na mimi nichorwe kunguru, mdogo, mwenye mabawa yaliyofungwa. Nikamwambia ni haramu. Akanuna, akasusa chakula changu, akahama chumba... Mwishowe nikampa mkono. Alinidunga kwa sindano na masizi, huku akinifuta machozi!

Rafiki zake wakaanza kuja. Kabla ya salamu wanatazama mkono wangu, wanacheka. Alasiri moja, mmoja wao, mwenye kunguru kama wa Amade, alinishika kiuno mbele ya mume wangu. Nikamgeukia Amade anitetee... Akavaa ndara zake, akamshika binti yangu mkono, akatoka naye. Mlango akaufunga kwa nje!

Yaliyonipata mle ndani siwezi kuyaandika. Binti yangu aliyasikia yote barazani.

Mlango ulipofunguliwa nilimbeba mwanangu, nikakimbilia kwa mjomba wangu, aliyewahi kufungwa kadeia, yaani jela, kwa magendo. Alipouona mkono wangu, aliuvuta karibu na macho yake.

"Nani kakutia hii, mwanangu?"

"Mume wangu, mjomba."

Akalia, mtu mzima yule! Akanieleza kuwa huko gerezani kunguru wa mabawa wazi ni mtu wa genge. Wa mabawa yaliyofungwa huchorwa mfungwa mnyonge, aliyefanywa mke wa genge zima. Hana ruhusa ya kukataa.

Tulimfuata Amade. Hakukana! "Kumbe umejua kusoma," alisema akicheka, akanitamkia talaka palepale.

Baadaye nikasikia amechumbia msichana wa kijiji cha Olumbi. Nikapanda chapa, gari la abiria, kwenda kumwonya binti wa watu. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono wake umefungwa kitambaa chenye damu mbichi...

"Dada, Amade kanambia utakuja," akasema. "Una wivu."

Akanifungia mlango.

Dada zangu, mwanamume akitaka ngozi yako iwe ushahidi wa mapenzi, mkatae, hata akinuna mwaka mzima! Na alama aliyonayo mwilini, waulize waliotoka gerezani kabla hujamwita mume. Mimi nilimchoma kunguru wangu kwa pasi ya mkaa, akaondoka na nyama. Lakini hadi leo mwanamume akipiga hodi kwetu, hata awe mjomba, binti yangu hukimbilia uvunguni... Nimwambie nini atoke?