Fundi Saa na Vidonge vya Kulinda Ubongo

Dada yangu ni fundi saa. Saa ikigoma, mtaa mzima husema, "Mpelekee Mama Saa." Anafungua saa ndogo kama kifungo cha shati na kuifunga tena bila kubabaika. Mimi humsifu mbele yake na nyuma yake, wala sioni haya.

Mwaka jana alipata saratani ya titi. Akaanza kupewa dawa kwa dripu hospitalini. Baada ya dripu chache, kumbukumbu ikaanza kuyumba. Siku moja alifungua saa, akashindwa kuifunga. Skrubu ziko mbele yake, hajui aanze na ipi. Akalia.

"Dripu sitaki tena," alisema. "Bora nife na akili zangu."

"Wee! Usiniletee maneno hayo!" nikamjia juu. Lakini niliogopa sana.

Shemeji, mume wake, akakimbia dukani. Akarudi na chupa ya vidonge. "Hivi ni vya antioksidanti," alisema kwa mbwembwe. "Vinalinda ubongo. Meza viwili viwili."

"Subiri kwanza," nikasema. "Tumuulize nesi."

Tukaenda wote watatu. Nesi wa saratani aliisoma ile chupa.

"Pole, dada. Huna wazimu," alisema. "Wengi wanaotumia dawa hizi husahausahau. Mara nyingi hali hiyo hupungua taratibu matibabu yakiisha."

"Na vidonge?" shemeji akauliza.

"Antioksidanti hulinda seli za mwili zisiharibike. Watafiti wanachunguza kama zinaweza kulinda ubongo, lakini bado hawana uhakika. Na vidonge vyenye nguvu huenda vikailinda hata saratani, dawa ikashindwa kazi. Usimeze kabla ya kumuuliza daktari. Matunda na mboga kula, antioksidanti zimo humo. Lala vizuri, tembea, fanya kazi moja moja."

"Lo! Kumbe nilikuwa naiwekea saratani mlinzi!" shemeji akasema.

Dada akacheka. "Haya, kwenye dripu nitakuja."

Sasa akifungua saa huzima redio. Kila kipande hukipanga kwenye trei, kwa zamu yake. Matunda huyakata shemeji, vipande vikubwa kama matofali.

Juzi mteja alifuata saa yake. Akaiweka sikioni, akatabasamu. "Nilisikia unaumwa. Nani amekutengenezea saa hii?"

Dada akainua kichwa. "Mimi mwenyewe. Na dripu zote nimemaliza."

Nikapiga vigelegele mle mle dukani kwake.