Sitaha Iliyolala Chini ya Maji

"Dada, sitaha hiyo umeikosea."

Graziella Buttigieg hakugeuka. Ukumbi wa maonyesho pale Valletta ulikuwa umefurika. Watoto waning'inia kwenye kamba, wazee wabishana kuhusu mizinga, na harufu ya pastizi, maandazi ya jibini, imechanganyika na ya gundi. Mbele yake ilikaa manowari yake ndogo, urefu wa mkono, mfano wa ile iliyozama nje ya kisiwa wakati wa vita. Mbao za sitaha alikuwa amezipaka ubao baada ya ubao, pumzi ameibana, kwa brashi nyembamba kama kope.

"Nimeikosea vipi?"

"Umeipaka rangi ya biskuti. Ile ni kijivu, kijivu kilichokolea."

Hapo akageuka. Kijana alivaa shati jeupe la kitani, mikono ameikunja, uso umeungua jua hadi puani.

"Wewe umeiona wapi?"

"Nimesimama juu yake. Naitwa Nazju, mpiga mbizi."

"Kule chini kila kitu ni kijivu, kaka. Hata wekundu unakufa. Ukijikata kidole, damu unaiona kijani."

Nazju akacheka, akamtazama vizuri sasa: gauni la manjano, nywele zimefungwa hovyo, vidole vyenye madoa ya rangi. "Basi nitakuletea kibanzi, ukitazame juani."

"Lete," akasema Graziella, kwa dharau ya kutania.

Neno lenyewe lilikuwa hilo tu. Walikunywa kahawa siku hiyohiyo, na kabla joto la kiangazi halijaanza walikuwa hawaachani.

Sasa, Graziella alikuwa mwoga wa maji. Alipaka meli tangu usichana wake lakini hata feri ya kwenda kisiwa cha Gozo hajawahi kuipanda. Mama yake alimsuta: "Mtu anaogopa bahari, halafu anakwenda kumpenda samaki." Kila Nazju alipozama, yeye alikaa na simu mapajani, chai ikipoa, mpaka ampigie.

"Nimetoka, moyo wangu. Unaweza kupumua sasa."

"Nilikuwa napumua."

"Mwongo. Nasikia meno yanavyogongana."

Jioni moja, wakitembea kando ya bahari kule Sliema, Graziella alimshika mkono akasimama.

"Ile meli usiiendee, Nazju. Iko chini mno. Tena ni kaburi la watu."

"Na sitaha yako je?"

"Picha zote za enzi zile ni nyeusi na nyeupe. Hakuna wa kunihukumu. Niahidi."

"Siendi."

Alilisema haraka mno, na Graziella hakulala vizuri tangu siku ile.

Asubuhi ya Jumamosi alikuwa mezani anapaka sitaha upya. Alikuwa ameamua kumwamini Nazju: macho yake, na si picha zisizo na rangi. Kijivu kilikuwa kimefika usawa wa mzinga wa mbele simu ilipolia. Akaidaka kwa furaha.

"Umetoka?"

"Dada Graziella, ni Salvu."

Salvu alikuwa mwenzake Nazju wa mbizini. Hakuwa na sababu yoyote ya kumpigia.

"Amekufa?"

"Yuko hai. Tuko hospitali. Alikwenda kwenye ile meli, akapanda juu haraka kuliko inavyotakiwa. Hewa imemkamata kwenye damu. Miguu haisikii."

Walimweka katika chumba cha chuma cha kuwatibia wapiga mbizi, mfano wa pipa lililolazwa, chenye kidirisha cha duara na simu ukutani ya kuzungumza na aliye ndani. Graziella aliishika kwa mikono miwili. Salvu alikuwa begani pake. Kioo kilikuwa na ukungu upande aliosimama. Alichokiona ni kivuli cha kichwa juu ya mto.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, roho yangu." Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtoto. "Sikukipata kibanzi. Nilikwangua mpaka hewa ikaniishia."

"Nani alikwambia nakitaka?"

"Si wewe? Ulisema lete."

Akairudisha simu mahali pake taratibu, akatoka nje, akatapika kando ya ukuta.

Hakurudi tena. Alikifunika kwa kitambaa kile kimeli, nusu kahawia nusu kijivu, na kila akifumba macho alilisikia neno lake mwenyewe likishuka gizani. Aliogopa kupiga simu asije akaambiwa tena kwamba ndiye aliyemtuma. Na simu yake haikulia.

Mwishowe Salvu akamfuata nyumbani, hata kiti hakukubali.

"Wewe una moyo gani? Mtu anajifunza kutembea upya, mguu wa kushoto anauburuta, nawe umemkimbia."

"Sijamkimbia. Yeye ndiye aliyesema nilimtuma."

"Alisema lini?"

"Pale dirishani. Ulikuwepo."

Salvu akamkodolea macho. "Alikuwa anakutania, wewe. Alikuwa anacheka. Upande wangu kioo hakikuwa na ukungu, nilimwona."

Graziella alipanda basi kwenda Senglea akiwa na kandambili za ndani miguuni. Nyumba ya kina Nazju inaitazama bandari, lakini mapazia ya upande ule yalikuwa yamefungwa, mchana kweupe. Alimkuta kitini, amekonda, fimbo kando yake.

"Umekuja kunihurumia," akasema Nazju.

"Nimekuja kuombwa radhi. Uliniahidi."

"Nisamehe."

"Siku ile ulipozama nilikuwa naipaka sitaha kijivu. Nilishakuamini, Nazju. Hukuwa na haja ya kwenda."

Nazju akainamisha kichwa. Aliposema hakumtazama.

"Usinirudie. Si kwa ajili ya mguu. Siwezi hata kuoga, Graziella. Mama ananifuta kwa kitambaa. Nikisikia bomba linafunguliwa nahisi nipo kule, na giza, na kifua kinavuta kitu hakuna. Bahari siwezi kuitazama. Utafanya nini na mwanaume wa hivyo?"

Graziella alipiga magoti mbele yake, akavuta mikono yake.

"Mimi nimeogopa tangu nazaliwa. Naogopa feri. Naogopa simu. Nilikuogopea wewe mpaka nywele zikanitoka. Kuogopa ndiyo kazi ninayoijua baada ya rangi. Nioe, nitakufundisha."

"Kuogopa kunafundishwa?"

"Kuishi nako."

Nazju alicheka, machozi yakimfika midomoni, akasema ndiyo, na akairudia isije ikawa haikusikika.

Siku ya pili yake walitoka. Chini ya nyumba zile kuna ngazi za mawe ziingiazo bandarini. Fimbo mkono mmoja wa Nazju, Graziella mkono wa pili, wakateremka pole pole mpaka ngazi ya mwisho, pale maji yanapofika vifundoni. Wakasimama wameshikana, kila mmoja akidhani anayetetemeka ni mwenzake.