Kona ya Kituo cha Mafuta

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata hajaonja chai, Chapuchapu alikuwa ameshainama kwenye karakana ya shangazi yake, pampu mkononi, akijaza tairi upepo. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu msichana huyu hana simile. Ukimtuma, anarudi kabla hujamaliza kueleza, na mara nyingi huwa ameleta kisichotakiwa. Shangazi, ambaye ni fundi baiskeli, alipita nyuma yake akibonyeza kila tairi kwa kidole gumba.

"Shangazi, hizo nimeshazikagua!"

"Umezikagua au umezipita?"

Chapuchapu akacheka, akachukua kopo la oili na kuanza kulainisha minyororo.

Jumamosi ilikuwa siku ya msafara. Watu wa mtaa, wakubwa kwa wadogo, walizunguka jiji kwa baiskeli, na kila safari ilikuwa na jambo lake. Mara waende kutazama madaraja, mara watafute nyumba zenye milango ya buluu, nao wenyewe wamevaa buluu tupu. Siku hiyo ilikuwa zamu ya saa kubwa za jiji. Ya mwisho ilikuwa saa ya stesheni ya treni. Mtunzaji wake alikubali kupandisha watu wachache juu mnarani, wakaone mitambo ikigonga saa sita mchana. Chapuchapu alikuwa ameizungumzia mitambo hiyo wiki nzima, mpaka nyumbani wakamchoka.

Msafara ulikuwa na utaratibu mmoja usiochezewa. Shangazi alitangulia, na kinyozi wa mtaa, mwenye kizibao cha njano, alikuwa mkia; hakuna aliyeruhusiwa kubaki nyuma yake. Kila walipofika penye kona, shangazi alimwacha mtu mmoja hapo, mkono ameunyosha kuonyesha njia. Mtu huyo habanduki mpaka mkia umfikie. Ndiyo maana hata mwenye miguu mizito hakuwahi kupotea.

Mwenye miguu mizito siku hiyo alikuwa mshonaji, mama mtu mzima, jirani yao. Alikuwa na kisukari, na daktari alimshauri afanye mazoezi. Hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza. Mkoba wake ulikuwa na juisi na biskuti, akiba yake endapo sukari ingeshuka ghafla. Ulipoanza kumlemea begani, shangazi aliuweka kwenye kapu la baiskeli yake. Kinyozi naye akaitia humo simu yake, maana mfuko wa suruali ulikuwa umetoboka.

Saa ya posta waliikuta imekufa. Ya soko ilikuwa imewahi kupita kiasi, na wauza mboga wakaapa kwamba ndiyo sahihi kuliko zote. Watu wakacheka, wakaendelea. Walipofika kwenye kituo cha mafuta, barabara ya stesheni ikakata kulia.

"Chapu, kona hii ni yako," shangazi akasema. "Kinyozi akikufikia, njoo naye."

Chapuchapu akasimama, mkono kulia. Baiskeli zikapita, kengele zikilia. Kisha barabara ikawa tupu. Akatazama alikotoka: si kizibao cha njano, si mshonaji. Rafiki yake, ambaye wote walimwita Miwani, akageuza baiskeli na kurudi mbio.

"Wewe! Wanapandisha watu mnarani sasa hivi! Ukichelewa, basi tena."

"Kinyozi hajafika."

"Si anakuja tu? Njia yenyewe hii hapa, nani ataikosa?"

Chapuchapu akatazama nyuma mara nyingine. Halafu akarukia baiskeli, akaondoka kasi.

Aliwahi. Aliona magurudumu ya meno yakizunguka, aliisikia kengele ikigonga mpaka mbavu zikatetemeka, na kwa muda huo hakuna aliyekuwa na furaha kumzidi. Aliposhuka, shangazi alikuwa chini ya ngazi.

"Kinyozi na mshonaji wako wapi? Walikupita pale kona?"

Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria. "Ndiyo. Walinipita."

"Basi wako kwenye barabara hii hii. Labda wamepata pancha."

Watu wakatawanyika kuwatafuta. Wakachungulia madukani, wakauliza wauza magazeti, wakazunguka hadi nyuma ya stesheni. Hakuna kitu. Shangazi akampigia kinyozi, na simu ikalia ndani ya kapu lake mwenyewe. Alipoifuata akagusa mkoba wa mshonaji. Akautoa polepole, na uso wake ukabadilika.

"Mungu wangu. Mama wa watu hana hata biskuti."

Chapuchapu akautazama mkoba ule. Alijua kwamba akisema, aibu yake itaonekana na msafara mzima. Alijua pia kwamba wanatafuta mahali ambapo watu hao hawapo kabisa. Akamsogelea shangazi yake.

"Shangazi, nimedanganya. Sikuwaona. Nilitoka kwenye kona mapema, nikaja kuona saa."

Shangazi hakupiga kelele. Alimtazama mara moja tu, akapanda baiskeli. "Nifuate."

Pale kwenye kituo cha mafuta, bila mtu wa kuonyesha kulia, barabara iliendelea moja kwa moja hadi mtaa wa maghala. Ilikuwa Jumamosi, kila mlango una kufuli. Mbali kidogo wakaona kizibao cha njano. Mshonaji alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, jasho likimtoka, mikono ikitetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Kinyozi alikuwa amemshikilia asianguke.

"Niliogopa kumwacha peke yake!" kinyozi akalia. "Nimeita mpaka sauti imekauka!"

Shangazi akamnywesha juisi kidogo kidogo. Wakasubiri. Chapuchapu aliyatazama macho ya yule mama na hakuthubutu kuyatoa yake, mpaka mama akapepesa, akauliza hapo ni wapi. Ndipo msichana akaanza kulia.

Walimpeleka zahanati, muuguzi akampima na kumpa kitanda apumzike. Chapuchapu akaingia, kichwa chini.

"Mama, nisamehe. Ni mimi niliyeacha kona. Halafu nikasema mmepita."

"Nami nina kosa langu," shangazi akasema. "Mkoba ule sikupaswa kuutenga na mwenyewe. Hautakaa tena kwenye kapu langu. Nawe, Chapu, Jumamosi ijayo hutasimamia kona. Utakuwa kule nyuma na kinyozi, ujue mtu wa mwisho anavyomtegemea wa kwenye kona."

"Sawa, shangazi."

Mshonaji akamwita kwa kidole, akamkalisha kitandani.

"Sikia, mwanangu. Mimi nimeshona miaka yote hii, na bado hukata nguo ya mtu vibaya. Kukosea kupo. Ila nikikosea siifichi nguo chini ya meza. Namwambia mwenyewe siku hiyo hiyo, wakati kitambaa kingali kinatosha kurekebisha. Ukifichaficha, siku utakaposema kitambaa kimeshaisha." Akaushika mkono wa msichana, na wake ulikuwa bado unatetemeka. "Leo kilibaki kidogo sana."