Mahari ya Besi

Upande wetu wa mfereji, hapa Bwaise, kila mtu alikijua kilio cha Valarie. Alikuwa na miezi minane tu, lakini akianza kulia, wauza mkaa wa barabarani waligeuza shingo. Nusura, jirani yao, alizoea kuchungulia mlangoni akiuliza, "Mama Valalie, habali? Honi imerala?"

Nusura ni Muganda, na ulimi wake huchanganya l na r apendavyo. Wiki moja kabla ya mambo haya alikuja mbio kusema kwamba wakwe wa binti yake wameleta mahali.

"Mahali gani?" Nakhisa, mama yake Valarie, akauliza.

"Mahali ya kuoa, wewe!"

Walicheka mpaka kipande cha sabuni kikaanguka matopeni.

Nakhisa ni mtu wa Bungoma, ng'ambo ya mpaka. Alimfuata mumewe Makokha Kampala mwaka mmoja baada ya kuolewa. Makokha aliendesha gari dogo jeupe la kukodiwa, na alilipenda kama mtu anavyopenda ng'ombe wa maziwa. Kitu kimoja tu kilimtia aibu: redio. Sauti yake ilikuwa nyembamba, nyuki ndani ya kopo. Gari la mwenzake Odera likipita, vioo vya maduka vilitetemeka. Halafu Odera huchungulia dirishani na kusema, "Makokha, ndugu yangu, gari lako lina mafua?"

Makokha alijaribu kila alichoambiwa. Alibandika mpira mzito ndani ya milango ili bati lisicheze. Alinunua spika kubwa ya besi, akaichongea sanduku la mbao, akaliweka kwenye buti. Bado besi ilitoka kavu, kama mtu anayegonga meza.

"Gari dogo halina tumbo," madereva wakamwambia.

Siku ya Ijumaa alirudi kutoka maduka ya Nakivubo na uso mpya. Alikuwa amempata fundi.

"Mama Valarie, nipe ile leso ya mtoto."

"Ya nini?"

"Fundi anataka kitambaa cha kujaza ndani ya sanduku. Besi ikikutana na kitambaa inakuwa nzito."

Nakhisa alimletea pazia la zamani. Akakataa. Alimletea blanketi lililotoboka. Akakataa.

"Iwe laini. Leso ile uliyombebea tangu hospitali."

Leso ile alipewa na mama yake siku aliyovuka mpaka. Ilikuwa ya bluu, na pindoni iliandikwa: USINIACHE NJIANI. Valarie alilala juu yake, alilia juu yake, alifutwa pua nayo. Nakhisa aliikunja mara nne akaiweka mikononi mwa mumewe. Hakuna aliyemlazimisha. Aliitoa kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa akifua nje. Maji ya beseni yakaanza kuchora duara. Duara ndani ya duara. Hakukuwa na upepo. Kisha akaihisi tumboni, chini ya kitovu, kabla masikio hayajasikia kitu. Gari la mumewe lilikuwa likikata kona.

Watu walitoka milangoni. Odera alishuka kwenye gari lake, akazunguka lile gari dogo mara mbili. Makokha alicheka huku akipiga paa la gari kwa kiganja. Hata Nakhisa alicheka. Alimpakata Valarie ili aone furaha ya baba yake.

Mtoto alikuwa amefumba macho. Uso ulikuwa mwekundu. Machozi yalimtiririka mpaka shingoni, na mdomo ulikuwa wazi wote, ulimi ukitetemeka.

Hakutoa sauti.

Jumapili ikawa hivyo hivyo. Mtoto alinyonya, alicheka kwa macho, alilia kwa uso. Kimya. Jumatatu walipanda Kibuli hospitalini. Daktari alimulika koo, akalitazama kwa muda mrefu, akasema ni safi kabisa na wamrudishe baada ya wiki.

Wakati wa kurudi, Nakhisa alikaa kiti cha nyuma na mtoto kifuani. Jua lilikuwa utosini. Barabara ilijaa boda boda na kelele.

"Zima redio, Baba Valarie. Kichwa kinaniuma."

Akaizima. Taa ndogo ya redio ikafa.

Valarie alikunja uso. Akafungua mdomo.

Nyuma ya mgongo wa Nakhisa, ndani ya buti, kitu kikalia. *Uuuuum.* Kizito. Kirefu. Mtoto alipovuta pumzi, kilinyamaza. Mtoto alipofungua mdomo tena, kilianza tena.

Nakhisa alitazama kile kioo kidogo cha dereva cha kuonea nyuma. Macho ya mumewe yalikuwa barabarani. Hayakushtuka.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nimesikia."

"Mbona hukushtuka?"

Makokha aliegesha gari kando. Alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuanguka. Alisema fundi alimwambia kwamba besi inataka mahali. Yeye akadhani ni nafasi kwenye buti. Akajibu atatoa. "Kumbe alitaka kusema mahari. Si unawajua hawa Waganda? Si unamsikia Nusura? Mimi ningejuaje, mke wangu?"

Nakhisa alikumbuka sabuni matopeni. Alitaka sana kumwamini. Akamwamini, mpaka kesho yake.

Siku ya Jumanne alimfunga mtoto mgongoni kwa taulo akashuka Nakivubo. Aliulizia duka kwa duka, mpaka akaonyeshwa kibanda kilichojaa spika tupu, zimetazama nje kama macho. Fundi alikuwa mtu mzima, mrefu, mweusi sana, akiunga nyaya.

"Karibu, mama. Kaa pale kwenye kiti, jua ni kali. Usiguse hiyo redio ya rangi nyekundu, itakurusha."

Redio. Rangi. Itakurusha. Nakhisa alisikia kila r ikigonga mahali pake.

"Fundi, wewe ni Muganda?"

Akacheka. "Mimi Tarcisio, mtu wa Kitgum, kule kaskazini. Baba alikuwa askari. Nimezaliwa kambini, Kiswahili ndiyo maziwa yangu."

"Ulimwambia mume wangu mahali, ama mahari?"

Kicheko kikaisha. Aliweka chini chuma chake cha moto.

"Mahari. Nilirudia mara tatu. Nilimwambia sauti kubwa haiji bure, inaolewa kwa mahari ya sauti nyingine ya nyumba. Nikamwambia, lete shati lako, utoe sauti yako mwenyewe. Akakataa. Akasema nyumbani iko sauti moja, kazi yake kelele tu, inamnyima usingizi."

"Na wewe?"

"Nilifikiri ni jogoo." Alitazama miguu yake. "Halafu akaleta leso. Ilinuka maziwa. Nikajua. Nikafunga skrubu."

Nakhisa hakulia.

"Itatokaje?"

"Mkono ulioitoa ndio utaiondoa. Lakini sikia, mama. Mahari ikishalala kwa watu, hairudi peke yake."

Alipofika nyumbani, gari lilikuwa uani na Makokha alikuwa amelala chumbani, mchana, usingizi mzito wa mtu asiyesumbuliwa. Nakhisa alichukua bisibisi. Akafungua buti. Skrubu ya kwanza. Ya pili. Redio ilikuwa imezimwa, lakini ngozi ya spika ilipanda na kushuka. Ilipumua. Ya tatu. Mgongoni, Valarie alianza kutikisika kwa kilio kisicho na sauti. Ya nne.

Alitia mkono.

Leso ilikuwa imelowa. Ilikuwa ya vuguvugu.

Alivuta. Ikavutwa.

Alivuta tena. Ndani ya sanduku lisilozidi mto wa kulalia, mkono wake uliingia mpaka begani.

"Ni mama," alinong'ona. "Ni mama tu."

Ikaachia.

Kilio cha Valarie kilipasua ua mzima. Nusura alitoka mbio na mwiko mkononi. Makokha alitoka akipikicha macho. Aliiona leso ikidondosha maji. Aliona skrubu chini. Mtoto alikuwa akilia kwa sauti kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu.

"Umeharibu besi?" akauliza.

Ni hilo tu aliuliza.

"Mahari imerudi, Makokha," Nakhisa akasema. Na kwao, kama ilivyo kwa wengi, mahari ikirudi ndoa imekwisha.

Siku hizi Nakhisa amepanga chumba kwa Nusura. Ameifua leso mara nyingi. Hukauka yote, ila pindo lile lenye maandishi. Valarie sasa anatembea. Kilio chake ni cha mtoto yeyote, chembamba, hakina kasoro masikioni.

Ila mdomo wake unapoanza kupinda, kabla sauti haijatoka, maji ya beseni huchora duara. Vifuniko vya sufuria hugongana ukutani.

Nusura hatanii tena. Akiuona mdomo ule, huinuka polepole, akaondoa vikombe ukingoni mwa meza.