Aliyekaa Roshani ya Marijani

Sogeeni. Wewe wa mlangoni, ingia kabisa ufunge, upepo unaubamiza huo mlango. Zimeni hiyo redio. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana nikishaanza sitaki kusikia sauti nyingine humu zaidi ya yangu, na atakayecheka akachekee uani pamoja na kuku. Haya. Kimya. Kimya zaidi ya hapo.

Kitu cha kwanza kilikuwa kiti.

Mardhiya alipanda kufagia roshani ya senema ya Marijani saa za adhuhuri, jua limesimama wima juu ya Bagamoyo na watu wamejifungia majumbani. Roshani hiyo ilikuwa ya wanawake. Mbele yake palikuwa na kimia cha mbao kilichotobolewa nyota na majani, ili mke wa mtu aione picha na yeye mwenyewe asionekane. Mardhiya alikuwa mlinzi wa hapo tangu afiwe na mumewe: anachana tikiti, anaonyesha watu mahali pa kukaa, anawanyamazisha wanaolia picha ikihuzunisha. Viti vyenyewe vilikuwa vya kukunja, vyenye springi. Ukiinuka nacho kinainuka nyuma yako, pa! Kwa hiyo roshani ikiwa tupu, viti vyote husimama safu kwa safu kama watu wamejipanga kuswali.

Siku hiyo kimoja kilikuwa kimeshuka. Cha mbele, katikati.

Akadhani springi imekatika. Akakisukuma, kikainuka vizuri tu. Akageuka kuuchukua ufagio, na nyuma yake akakisikia kinashuka tena, si kwa kuanguka, bali polepole, chuma kikilia kwa uzito, kama anavyokaa mtu mnene mwenye magoti mabovu. Kisha ikaja harufu ya manukato: mavumba yale ya kale, ya kusagwa kwa mkono, ambayo Mardhiya hakuyanusa tangu bibi yake, marehemu Bi Hija, alipozikwa.

Mwingine angepiga ukelele. Mardhiya aliona haya. Uso ulimwaka akautia ndani ya ukaya wake, kwa sababu alijua nani amekaa pale, na alijua nani amemwita.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo.

Jumba la Marijani lilijengwa zamani za Mwingereza, na Mhindi mmoja mwenye duka la nguo, lakini mikono iliyolijenga ilikuwa ya mafundi wa hapa hapa. Uso wake ulikuwa wa chokaa iliyofinyangwa mawimbi, moja juu ya jingine mpaka darini, na juu ya mlango vioo vya rangi. Jua la jioni likipiga, baraza yote ya mbele inakuwa nyekundu na kijani, na watoto wanakuja kuruka ndani ya ile rangi. Ikafika miaka ya sabini, majumba makubwa yameshataifishwa, mwenyewe ameshahama. Ukaja uamuzi wa serikali: uso ubomolewe, roshani iteremshwe, malori yapate kuingia, liwe ghala la korosho.

Watu wakaunda kamati. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Ausi, aliyekuwa akiendesha mashine ya picha. Wakavaa kanzu safi wakaenda ofisini, wakaeleza kwa adabu kwamba ghala linaweza kujengwa popote, lakini mawimbi yale hayana fundi tena aliye hai. Kijana wa mezani akawasikiliza, akasema, "Wazee wangu, chokaa hailiwi." Wakarudi.

Wabomoaji wakaja na nyapara wao, Mbaruku, mtu wa Fukayosi. Siku hiyo hiyo Kibibi, shoga na jirani yake Mardhiya, akaja mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Shoga! Dume lile lenye mabega kama mlango wa ghala, linaogopa majini!"

"Umejuaje?"

"Nimemsikia kwa muuza chai. Anauliza, jumba hili halina wenyewe? Anasema kwao hata mti haukatwi mpaka uulizwe. Basi wewe utapandwa na pepo, pale barazani, mbele yao."

"Mimi? Mjane wa watu wa maulidi?"

"Ndiyo uzuri wake. Nikianguka mimi watasema Kibibi katafuna tambuu kali."

Walipomwambia Mzee Ausi alitazama chini. "Mimi hilo sijalisikia," akasema. Halafu, alipokwisha kuwapa mgongo: "Ila kama ningelisikia, ningesema fanyeni adhuhuri. Wafanyakazi wote wanakuwapo."

Basi Mardhiya akaanguka. Alikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia shavuni, povu likamtoka. Kibibi akamfunika shuka, akamuuliza yale ambayo lazima pepo yeyote aulizwe kabla hajasikilizwa: kwenu wapi, unataka nini, jina lako nani. Kwenu wapi walikuwa wamelipanga. Unataka nini wamelipanga. Jina wakalisahau. Na jina ndilo linalosadikisha. Pepo asiye na jina ni mtu anayegaragara tu.

Chini ya shuka kichwa cha Mardhiya kilikuwa kitupu. Anawasikia watu wanangoja, anasikia sururu ya Mbaruku inagusa mawe. Ulimi ukachukua jina pekee ulilokuwa nalo. Ukamtaja yule aliyekuwa kichwani kwa Bi Hija.

Silitaji hapa, nanyi msiniulize.

Bi Hija alikuwa kiti cha pepo huyo maisha yake yote. Alimwahidi ngoma na chano, sinia lake la halua na marashi, akafa hajatimiza. Jamaa zake wakalifunika jambo. Mardhiya alipoolewa na watu wa msikitini hakusema neno, na binti yake Dija alipochumbiwa na Husseni, mtoto wa Mzee Ausi, akazidi kunyamaza, kwa kuwa mama yake Husseni alikuwa hodari wa kuchungua koo za watu.

"Jumba hili langu," akanguruma chini ya shuka. "Roshani ile kiti changu. Atakayeigusa, nitahamia kwake!"

Mzee Ausi akasema mbele ya wote kwamba ni kweli, jumba lina mwenyewe. Mbaruku akaitupa sururu. Baraza ikabaki nyeupe, hakuna mtu. Jioni Kibibi alicheka mpaka akajishika ubavu, na Mardhiya akacheka naye. Kicheko hicho ndicho kilichokuja kumuuma kuliko povu na kuliko uongo wenyewe.

Sasa turudi kwenye kile kiti. Mardhiya aliuacha ufagio roshani, akateremka ngazi bila kugeuka, akaenda nyumbani. Hakumwambia mtu. Angesemaje?

Magharibi, adhana ikiwa bado hewani, akaingia jikoni kuwasha taa. Dija alikuwa mle gizani, ameketi, mgongo umenyooka, mikono imekunjwa mapajani kama wanavyokunja wazee.

"Mbona hujawasha taa, mwanangu?"

Mardhiya akapiga kiberiti, na mwanga ulipotandaa aliona kwanza uso wa mwanawe umetulia, kisha akaona magoti yamekaa sawasawa kama ya mtu aliye kitini, kisha macho yake yakashuka taratibu kwa kutotaka kushuka, yakapita mapaja, yakapita pindo la kanga, yakatafuta kibao cha mbuzi, yakatafuta kigoda, yakatafuta hata ndoo iliyopinduliwa, na hapakuwa na kitu, chini ya mtoto palikuwa na hewa tupu na sakafu, naye ameegemea nyuma, ameegemea hewa, na ndani ya kimya kile kikasikika chuma kinalia polepole, jikoni kwao, ambako hapakuwa na kiti cha springi.

"Umeniita," Dija akasema, kwa sauti nzito ya kike iliyozeeka. "Mbona huniandalii?"

Kiberiti kikamuunguza vidole.

Usiku haujaingia vizuri alikuwa amekwisha kumfikisha kwa Bimdogo, fundi wa mapepo, aliyekaa nyumba ya makuti njia ya Mbegani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kimempata wapi?"

"Njiani, bibi. Alipita kwenye kichaka."

Bimdogo akatia ubani chetezoni akamfukiza mgonjwa. Moshi ukaenda kwa Dija, ukafika kifuani, ukageuka, ukamjia Mardhiya usoni. Bimdogo akaweka chetezo chini.

"Humu ndani yupo mwongo," akasema kwa upole, "na si huyu mgonjwa."

Mardhiya akalia, akasema yote, sabuni mpaka jina. Kizee akamsikiliza akitafuna, hakuonyesha hasira. Kisha akamwinamia Dija, akamwamkia aliye ndani. "Taireni. Unataka nini, mgeni? Damu? Nguo? Chano chako cha zamani?"

"Nataka uso wangu," ile sauti ikajibu, na wote wawili waliona machozi yanashuka mashavuni kwa Dija, mazito, si ya mtoto. "Kwa Hija nilikuwa na heshima. Huyu kaniita mbele ya watu kwa povu la kufulia, akasema nipo nami sikuwapo, akanipa jumba la wenyewe, kisha jioni akanicheka. Naona haya. Nitarudije kwetu hivi? Nitakaa hapa hapa, ndani ya huyu binti."

Bimdogo alikifunika chetezo. "Sijawahi," akanong'ona. "Nimewatoa wenye njaa, nimewatoa wenye ghadhabu. Huyu mmemfedhehesha. Dawa yake sinayo. Waliosikia uongo ndio wasikie kweli, pale pale, na jina lisafishwe."

"Bibi, nikisema, jumba litabomolewa. Na posa ya mtoto itavunjika. Ausi atajua ukoo wetu."

"Atajua."

"Hakuna njia nyingine? Hata kafara?"

"Mwanangu," Bimdogo akasema, "mimi sikulazimishi. Mtazame tu mtoto."

Mardhiya akamtazama, na bado, Mungu amsamehe, akamrudisha nyumbani bila kuamua. Asubuhi Dija akakataa maji. Midomo ikamkauka ikapasuka, naye ameketi vile vile pasipo na kiti, anatetemeka magoti, maana pepo hachoki lakini miguu ilikuwa ya msichana. Mardhiya akatia mabega yake chini ya mapaja ya mwanawe apate kumpunguzia uzito, na uzito uliomshukia haukuwa wa Dija. Hapo akampigia Kibibi kelele ukutani: waite watu, waite na kina Mbaruku.

Walikusanyika adhuhuri mbele ya Marijani, kamati wamejaa furaha wakidhani wanaitwa kula sadaka. Mbaruku na vijana wake walisimama mbali, ng'ambo ya barabara. Mardhiya na Kibibi walimbeba Dija mpaka barazani.

"Ile siku," Mardhiya akaanza.

Mzee Ausi alikuwa mwepesi kuelewa. Akamsogelea. "Nyamaza, binti," akamwambia kwa chini. "Tumeshashinda. Nyamaza, tafadhali."

"Siwezi, mzee."

"Utatuvunjia jumba! Utanivunjia na mimi heshima, walikwisha kunisikia nikisema ni kweli!"

Kibibi akamvuta baibui. Mardhiya akalivua baibui akamwachia mkononi, akabaki na kanga yake mbele ya wanaume wa mji mzima, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Kwamba hakupandwa. Kwamba ilikuwa sabuni. Kwamba alilitaja jina la pepo wa bibi yake, Bi Hija, ambaye alikuwa kiti, na kwao ni ukoo wa viti, na walificha. Kwamba mwenye jina hakusema hata neno moja kati ya yale, na yeye Mardhiya anamtaka radhi, kisha anawataka radhi watu.

Hapakuwa na radi. Hapakuwa na upepo. Dija aliteremka chini taratibu, akakaa juu ya mawe ya baraza kama mtu yeyote, akasema, "Mama, nina kiu."

Mbaruku ndiye aliyecheka wa kwanza, kicheko kibaya cha mtu aliyeumbuliwa. "Kumbe nimekimbia sabuni!" Akaiokota sururu yake. Mama yake Husseni akamshika mwanawe mkono, akaondoka naye, na posa ikaishia hapo hapo, haikuhitaji mjumbe.

Sasa sikilizeni. Sururu ilipopanda kupiga wimbi la kwanza, Kibibi alikuja na mkeka akautandika chini ya ukuta, akaketi. "Piga," akasema. "Chokaa itaniangukia mimi, nami sina jini, nina mdomo." Akaja mwingine na mwingine, wanawake wa roshani, na mabuli yao ya kahawa, mpaka baraza ikawa nyeusi kwa mabaibui. Walikuja kila siku. Mbaruku angefanyaje? Hawezi kuwabomolea watu juu ya vichwa. Mwisho ofisi ikachoka. Waliingia kwa nyuma, wakaiteremsha roshani na kimia chake, ndani pakawa ghala. Uso ukaachwa.

Mardhiya naye alikwenda kila siku. Alikaa mwisho wa mkeka, na kikombe cha kahawa kikifika kwake kilimpita. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimu, wakageuza shingo. Yeye hakulalamika; alikuja mapema kuliko wote na kufagia.

Kisha akapiga ile ngoma ya Bi Hija, uwanjani kwake, mchana, milango wazi, ngoma zisikike mpaka sokoni. Akampokea mwenye jina kichwani mwake kwa heshima, na chano chake kamili. Aliyekuja kula alikuwa Bimdogo peke yake.

Leo wazee wote hao hawapo. Funguo za Marijani alirithi Husseni kwa baba yake. Mkeka wa barazani wakarithi binti zake Kibibi, na wakija watu wa kupima ukuta, wanautandika. Dija aliolewa Pangani, akarithi nyumba ya mama yake, asikae. Aliyekuja kukaa ni binti yake, Mina, ambaye bibi yake alimwita kabla ya kukata roho, akamwachia sikioni lile jina nisilolitaja.

Ndiye jirani yetu wa ukuta huu. Anaishi peke yake. Kwa hiyo mkilala, mkawasikia watu wawili wanazungumza huko upande wa pili, msigonge ukuta, wala msiite. Semeni salamu aleikumu, kwa adabu, mlale.