Upepo Ulipotulia

Fundi cherehani na mkewe walishona katika chumba kimoja, kila mtu na cherehani yake. Mke alikuwa hodari wa kushona. Mume alikuwa hodari wa kuahidi. "Njoo kesho, nguo yako tayari," aliwaambia wateja, na kesho haikufika.

Siku moja kilikuja kimbunga kutoka baharini. Wakakimbilia shuleni na mtoto wao, pamoja na majirani. Upepo ulivuma asubuhi nzima, ukang'oa mabati. Kisha ghafla ukatulia. Jua likachungulia.

"Kimepita," fundi alimwambia mkewe. "Kimbia ukachukue nguo za wateja. Mimi nabaki na mtoto."

"Una hakika?"

"Nenda bwana, sasa hivi utarudi!"

Upepo ulirudi kabla yake. Ukuta ukamwangukia mguuni. Tangu hapo anatembea kwa magongo, na cherehani ya kukanyaga haiwezi tena. Watu walipouliza, fundi alijibu, "Alitoka mwenyewe. Si mnajua alivyo mbishi?" Mkewe aliinama tu, akaendelea kushona vifungo kwa mkono.

Miaka miwili baadaye kimbunga kilikuja tena. Walipojazana darasani, mwalimu aliwachorea watoto duara ubaoni.

"Kimbunga kinazunguka," alisema. "Hapa katikati pana shwari. Panaitwa jicho. Jicho likifika juu yetu, upepo unatulia. Halafu unarudi kwa nguvu, kutoka upande wa pili. Bahari nayo inaweza kufurika. Kwa hiyo hatutoki mpaka redio itangaze kuwa ni salama."

Fundi alisikiliza, uso umemshuka. Laiti angelijua mapema!

Mchana upepo ukatulia. Muuza kuku akainuka. "Naenda kuwatazama kuku wangu mara moja."

"Mwalimu amesema tusitoke!" watoto walipiga kelele.

"Mwalimu hafugi kuku." Watu wakacheka. Akashika komeo la mlango.

Fundi akamzuia. "Usitoke, ndugu yangu. Mke wangu alitoka hivyo hivyo."

"Mkeo alijitakia. Si ulisema mwenyewe?"

Kicheko kikakatika. Fundi akawageukia wote.

"Nilidanganya," alisema. "Hakutaka kwenda. Nilimtuma mimi."

Muuza kuku akaachia komeo, akakaa chini. Haukupita muda, upepo ukarudi kutoka upande wa pili, kuta zikatikisika. Hakuna aliyekuwa nje.

Jioni redio ilitangaza kuwa ni salama. Wote walitoka wazima. Fundi alimpa mkewe magongo yake bila kuthubutu kumtazama.

"Nisamehe, mke wangu."

"Miaka miwili nimengoja uyaseme hayo," mkewe alijibu. "Haya, nishike mkono. Ngazi zinateleza."